MZIMU, GIZA NA MAITI: SOMO LA MANDHARI KUTOKA KWA BWANA MSA

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu



Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na kikao cha kusoma hadithi fupi za upelelezi. Waliohudhuria wanakumbuka. Zilisomwa hadithi tisa. Sita zilitokea Marekani, mbili katika jiji lisilo na jina lenye magorofa marefu, na moja tu ilitokea hapa Kenya, nayo ilikuwa ndani ya hoteli ya kifahari. Theluji ilianguka katika hadithi nne. Wapelelezi waliitwa Johnson, Mike na Steve, na wote walivaa makoti marefu meusi. Mlezi wa chama alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Nani kati yenu amewahi kuiona theluji?" Hakuna aliyeinua mkono. Akaniambia niandae somo juu ya mandhari katika riwaya ya upelelezi, nalo ndilo hili.

Tukifungua daftari zetu za fasihi tutakuta mandhari yameelezwa kwa sentensi moja: ni mahali na wakati ambapo matukio ya hadithi hutendeka. Si uongo. Lakini maelezo hayo yanatufanya tuyaone mandhari kama pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Ukitaka unaliondoa, unaweka jingine, na mchezo unaendelea vilevile. Katika riwaya nzuri ya upelelezi jambo hilo haliwezekani. Mahali penyewe pamo katika uhalifu. Panamficha muuaji, panawafumba mashahidi midomo, na mwishowe panamsaliti yuleyule aliyepatumia. Nitalionyesha hili kwa mwandishi mmoja, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na hasa kwa kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale.

Mwandishi na kwao

Abdulla alizaliwa mwaka wa 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, akafariki mwaka wa 1991. Alipomaliza masomo mwaka wa 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akawa mkaguzi, kazi aliyoifanya kwa miaka kama 10. Mwaka wa 1948 akahamia magazetini, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kutoka mwaka wa 1958 hadi alipostaafu mwaka wa 1968 alihariri Mkulima, jarida la mambo ya kilimo.

Hebu tusimame hapo kidogo. Wengi wetu tukisoma wasifu wa mwandishi huwa tunaruka haraka, ati ni tarehe tu. Lakini jiulize, mkaguzi wa afya ni mtu wa namna gani? Ni mtu mwenye ruhusa ya kuingia uani kwa watu, akachungulia kisima, akatazama choo, akanusa jaa la takataka, akauliza nani analala chumba kipi. Asubuhi yuko kwenye jumba la tajiri, adhuhuri yuko kibandani kwa maskini. Na mhariri wa jarida la kilimo? Huyo naye habari zake ni za karafuu na minazi, na penye mashamba hapakosi ugomvi wa mipaka na urithi. Hakuna aliyeniambia hivi, ni maoni yangu mwenyewe, lakini naona Bwana Msa, yule mpelelezi mvuta kiko, alianza kupikwa huko, miaka mingi kabla ya kuandikwa.

Hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka wa 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa kitabu mwaka wa 1960. Baadaye Bwana Msa akaendelea na kazi yake katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Wataalamu wengi wa fasihi husema kwamba Bwana Msa ni ndugu yake Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Mwingereza Arthur Conan Doyle. Kiko wanacho wote wawili, na kila mmoja ana rafiki wa kumwuliza maswali ambayo sisi wasomaji tungependa kuuliza: Holmes ana Watson, Bwana Msa ana Najum. Ni kweli Abdulla aliazima. Lakini aliazima mtu, mahali hakuazima, na hapo ndipo wanachama wenzangu tunapopaswa kutega masikio.

Mzimu ni nini hasa?

Neno hili linatupoteza sisi Wakenya. Ukimwuliza mwanafunzi wa huku bara, atakwambia mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, kile kitu cheupe kinachoelea katika filamu. Pwani na visiwani neno lina maana hiyo na nyingine pia: mzimu ni mahali. Unaweza kuwa pango, mbuyu mkubwa, mwamba au kichaka ambacho hakikatwi kuni. Watu huenda hapo na ubani, vitambaa na chakula, wakaomba mvua, mtoto, au safari njema ya baharini. Kwa hiyo unaweza kwenda mzimuni kama unavyokwenda sokoni. (Linganisha na kuzimu, makao ya wafu. Mwalimu wa sarufi ana haki ya kuniuliza zaidi, lakini asiniulize leo.) Jina la kitabu basi linasema jambo wazi kwa Mzanzibari: kuna mahali, na mahali hapo pana wenyewe, nao ni watu wa kale.

Sasa itazame Makunduchi alikozaliwa mwandishi. Nchi ya huko ni ya mawe ya matumbawe, yenye mashimo na mapango mengi. Jambiani, si mbali na hapo, liko pango la Kuumbi ambamo wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kukuta mabaki ya binadamu wa zamani sana, na papo hapo wenyeji wanalitumia kwa matambiko. Fikiria! Mtaalamu anashuka na kipimo chake na brashi, anakuta chetezo cha ubani kimetangulia. Na kila mwaka, mwezi wa Julai, Makunduchi huadhimishwa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba ili chuki za mwaka ziishe, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na aliyekuwa ndani hutoka mbio. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hahitaji kubuni giza. Amepewa tayari, pamoja na moshi wake.

Giza linafanya kazi gani?

Katika riwaya, Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba, anakutwa ameuawa. Anakutwa wapi? Pale mzimuni. Sitakutajia muuaji, maana nitakuwa nimekudhulumu, lakini nataka tutazame kile ambacho mahali hapo panafanya kabla hata Inspekta Seif na Bwana Msa hawajaanza kuuliza maswali.

Tuseme maiti hiyo ingekutwa sokoni. Kila mtu angeuliza, nani amefanya? Lakini imekutwa mzimuni, na swali linabadilika bila mtu kutambua. Watu wanauliza, amekosa nini? Labda ameingia bila ruhusa. Labda amewaudhi wenyewe. Umeona hila hiyo? Badala ya kumtafuta aliyeua, watu wanaanza kumtafutia makosa aliyeuawa. Mahali penyewe pametoa hukumu, kesi imekwisha, na muuaji anaweza kuja matangani akala wali na wenzake.

Halafu kuna mashahidi. Mzimuni mtu haendi hovyo, na usiku ndiyo kabisa. Aliyepita karibu hatasema alipita. Aliyeona taa atasema hakuona taa, maana akikubali ataulizwa yeye mwenyewe alikuwa akitafuta nini huko. Hofu imefanya kazi ya mlinzi bila mshahara. Sisi tukiandika hadithi zetu huwa tunaandika "palikuwa na giza totoro" kisha tunaendelea, kana kwamba giza ni rangi tu. Kwa Abdulla giza lina faida kwa mtu fulani. Mtu huyo alijua watu wanaogopa nini, wanapita njia ipi, na watasema nini kesho yake.

Na Bwana Msa anafanyaje? Hasimami mzimuni akawatukana wazee kwamba ni wajinga. Anawaacha na mzimu wao, yeye anawauliza habari za watu: nani alikuwa na ugomvi na nani, nani ana haki gani katika mali, nani alimwona nani mara ya mwisho. Ni Mzanzibari anayezungumza na Wazanzibari. Anajua kwamba nyuma ya ushirikina aghalabu pana urithi, ndoa au siri ya nasaba, na ukisoma vitabu vyake vingine utakuta mambo hayo yakirudi tena na tena.

Mwanachama mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye nadhani anapenda ubishi kuliko chakula cha Ijumaa, alinipinga vikali nilipomsomea sehemu hii. Alisema, "Wewe, huyu Abdulla aliandika wakati wa ukoloni, katika mashindano ya wakoloni. Aliwafurahisha kwa kuonyesha kwamba mila zetu ni upuuzi na akili ni ya anayevuta kiko." Hoja yake ina uzito na sitaipuuza. Ni kweli Bwana Msa anatetea akili dhidi ya imani, na ni kweli kuna wanakijiji wanaochorwa wakiwa wepesi mno wa kuamini. Lakini naomba tufikiri pamoja. Anayekwenda mzimuni na ubani wake anaomba mvua, anaomba mtoto, anarudi nyumbani. Anauheshimu. Yule anayeitupa maiti mzimuni ili watu wa kale wasingiziwe hawezi kuwa anauogopa. Kama angeuogopa angekwenda kuitupa kwingine! Basi aliyeudharau urithi wa wazee ni nani, mpelelezi au muuaji? Kwa maoni yangu Bwana Msa anawaondolea watu wa kale aibu ya kusingiziwa damu. Ndugu yangu wa Kidato cha Nne hakukubali, na nimemwahidi nafasi ya kujibu katika toleo lijalo.

Mbwa wa Dartmoor

Nilisema Abdulla aliazima mtu na hakuazima mahali. Ili tusidhani kwamba urithi na giza ni mambo ya Afrika peke yake, tupige hatua hadi Uingereza. Kitabu cha Conan Doyle kinachojulikana kuliko vyote, The Hound of the Baskervilles, kilitoka kwa sehemu katika jarida la The Strand kutoka mwaka wa 1901 hadi 1902. Rafiki yake, mwandishi wa habari Bertram Fletcher Robinson, alimsimulia hekaya za mbwa wa kutisha, nao wakaenda pamoja kuitembelea Dartmoor, nyanda za juu za jimbo la Devon. Ni nchi ya ukungu na matope yanayoweza kumeza mnyama, yenye mabaki ya vibanda vya mawe vya watu wa kale (nao wana watu wao wa kale!), na katikati yake, huko Princetown, gereza lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mateka wa vita.

Kitabu hiki kina zaidi ya miaka 120, kwa hiyo nikikufichulia siri yake hutanilaumu. Ukoo wa Baskerville una hekaya kwamba babu yao mwovu aliuawa na jimbwa la kishetani, na kwamba mbwa huyo huwaandama wazao wake. Mzee wa ukoo anakutwa amekufa, na karibu na maiti zipo nyayo za mbwa mkubwa. Watu wanatetemeka. Mwisho inagunduliwa kwamba mbwa ni mbwa wa kawaida, ila amepakwa dawa ya kung'aa gizani, na aliyemfuga ni ndugu wa ukoo huohuo aliyejificha kwa jina jingine akiutamani urithi.

Umeona? Ni hila ileile. Hekaya ya wazee imegeuzwa silaha na mtu asiyeiamini. Tofauti ninayoiona ni moja: Holmes ni mgeni Dartmoor, amekuja kwa treni kutoka London na atarudi kwa treni. Kwa Bwana Msa, watu wa kale ni watu wa kale wa nchi yake. Ndiyo maana ukimsoma Doyle unaogopa ule ukungu, na ukimsoma Abdulla unawaogopa jirani.

Juu ya Kisima cha Giningi nitasema machache. Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni mahali pa wachawi, ambapo hukusanyika kwa mambo yao usiku. Mzanzibari akilisikia jina hilo tu nywele zinamsimama. Mwandishi hakuhitaji kueleza kurasa tatu kwamba kisima kinatisha. Jina lilimtosha, kwa sababu wasomaji wake walikuwa wamelisikia kwa bibi zao. Johnson na Steve hawana jina kama hilo kwetu.

Simaanishi kwamba kila hadithi ya upelelezi lazima iwe na pango. Faraji Katalambulla alipoandika Simu ya Kifo mwaka wa 1965, hofu aliipata katika simu, kifaa cha mjini, akafanikiwa. Ninalosema ni kwamba hata simu ilikuwa simu aliyoijua.

Je, sisi huku hatuna giza?

Tunalo tele. Mimi kwetu ni Kilifi, na nitasema ya kwetu, wengine waseme ya kwao. Tuna misitu ya kaya, makao ya zamani ya Wamijikenda, ambayo 10 kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Imetawanyika katika pwani yetu kwa kilomita kama 200. Ndani mwanga ni hafifu hata saa sita mchana, kuna njia ambazo huruhusiwi kuzipita, na mti haukatwi. Kusini kabisa, kule Shimoni, yapo mapango ya matumbawe ambayo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo. Nisingeandika kisa cha mzaha katika mapango hayo. Lakini jambo linalonikosesha usingizi kama mwandishi chipukizi ni vigango.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama husimamisha kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Si sanamu ya pambo. Ni makao ya koma, yaani roho ya marehemu, na kikishasimamishwa hakiguswi. Kikiondolewa, balaa huifuata familia. Basi sikiliza kisa hiki, nacho si cha kubuni. Mwaka wa 1985 mtaalamu wa mila na desturi, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Alipomrudia baadaye kumpelekea nakala ya picha, vigango vilikuwa vimeibwa. Mzee aliomba asaidiwe kuvitafuta. Miaka 14 ikapita. Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, mwenzake Udvardy, Linda Giles, alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyomo katika makumbusho. Udvardy akatazama ukutani, akakitambua kimoja. Ni kilekile! Kilikuwa Illinois. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka wa 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa familia, ingawa yule mzee alikuwa amekwisha kufariki. Uchunguzi wa wataalamu hao ulionyesha vigango zaidi ya 290 katika makumbusho 19 ya Marekani. Mwaka wa 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurudisha 30, na mwaka wa 2023 Illinois ikarudisha vingine 37.

Nani anahitaji theluji? Hapa kuna mahali ambapo watu wanaogopa kukanyaga, na kuna mwizi ambaye haogopi. Shahidi ni picha moja tu. Tena ni hila ileile ya mzimu iliyogeuzwa ndani nje: hofu iliyokuwa ikivilinda vigango kwa wanaoamini haikuwa kitu kwa asiyeamini, na alijua kwamba familia itaona haya kulipeleka jambo la koma kituo cha polisi. Kila kitu alichokijua Bwana Msa kimo humu. Riwaya yake bado sijaiona, na mwenye kuiandika aniwahi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niyachukue mambo haya kwa uzito, na hii si ya fasihi peke yake. Katika kaunti yetu wazee wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi. Magazeti yameandika mara nyingi, na Kisii vilevile: mwezi wa Mei 2008 watu 11 walichomwa moto huko, na mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa katika eneo la Marani. Kila mara kisa huanza kwa sentensi kama zile za mzimuni. Mtoto ameugua, au kijana amefariki ghafla. Swali la nani amefanya nini halifuati njia ya daktari wala ya polisi, linafuata njia ya giza hadi mlangoni kwa kikongwe. Wanaofuatilia kesi za Kilifi wameeleza kwamba mara nyingi nyuma ya uchawi pana shamba. Mzee amekataa kuuza, na warithi wamechoka kungoja.

Nyanya yangu ana miaka sabini na kitu. Hupaka nywele zake rangi nyeusi kila baada ya wiki kadhaa, nami nikiwa likizo ndiye ninayemsaidia upande wa nyuma ambao hauoni kwenye kioo. Hapaki kwa urembo. Mvi zinamtia hofu, siyo yeye peke yake, na wenzake wa kanisani wanafanya hivyohivyo. Siku moja nilimsimulia habari za Bwana Msa, jinsi anavyoiacha mizimu na kuuliza habari za mali. Alicheka, kisha akasema, "Huyo angekuja hapa kwetu angeanza na hati za mashamba." Sikumfundisha yeye kusema hivyo. Nimesoma uhakiki wa wataalamu, na bado naona hakuna aliyeieleza riwaya ile kwa ufupi kama nyanya.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika kwa ajili ya mashindano ya chama ya mwaka huu, nawaomba mfanye kazi ya mkaguzi wa afya kabla ya kufanya kazi ya mwandishi. Likizo hii nenda ukapatazame mahali ambapo kwenu watu hawapiti usiku. Panaweza kuwa mto wenye jina baya, nyumba iliyohamwa au mti. Usipacheke na usipaombe hadithi kwa haraka. Waulize wazee, kwa adabu, pana nini, pamekuwa hivyo tangu lini, nani anaruhusiwa kuingia na kwa masharti gani. Andika harufu, sauti, na vitu vilivyoachwa hapo. Baada ya hapo ndipo ujiulize swali la upelelezi: mtu akitaka kuficha uovu kwa kutumia hofu hii, angefanyaje, na angefaidika nini? Ukipata jibu una njama. Ukikosa, una mandhari matupu, tafuta mahali pengine.

Na tafadhali, muuaji wako asiwe mganga kwa sababu tu ni mganga, wala kikongwe kwa sababu tu ana macho mekundu. Hilo tumelisikia vya kutosha nje ya vitabu.

Hadithi zisizidi kurasa sita za daftari. Zipelekwe kwa katibu kabla ya wiki ya nne ya muhula ujao, ziwe zimeandikwa mstari kwa mstari bila kufutwafutwa. Wanaotaka kusoma Mzimu wa Watu wa Kale wajiandikishe kwangu, kwa kuwa maktaba ina nakala moja tu. Kila mtu atakaa nayo siku nne. Orodha hadi sasa ina majina 11, na la kwanza ni la yule ndugu wa Kidato cha Nne.